Kilossa yenye s mbili

Desemba iliyopita nilisafiri na mpwa wangu wa miaka minane kutoka Morogoro kwenda Mikumi, kwa mama yake, ambaye ni dada yangu. Alikaa siti ya dirishani na njia nzima alikuwa anasoma. Alisoma majina ya maduka, maandishi nyuma ya malori, na tulipoingia hifadhini alisoma bango lenye majina ya wanyama na faini ya kuwagonga. Twi-ga. Nya-ti. Te-mbo. Abiria wa mbele yetu aligeuka akamsifia.

Mimi sikujua niseme nini, maana dada alikuwa amenipigia simu wiki mbili kabla akilia. Shuleni walikuwa wamemwambia kwamba mtoto ni mzito, hajui kusoma, na ingefaa arudie darasa la pili. Sasa huyu anayesoma malori ni nani?

Nikampa tiketi yetu. Nyuma yake palikuwa na onyo ambalo sote tunalijua: abiria atakayechelewa hatarudishiwa nauli. Akasoma bila kukwama: a-bi-ri-a, a-ta-ka-ye-che-le-wa, ha-ta-ru-di-shi-wa, na-u-li. Hakukosea hata silabi moja.

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

Akaitazama tena tiketi, akanitazama mimi.

"Nauli, anko," akasema. "Inasema nauli."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile, na kulifikiria kumenipeleka mbali: kwa wamisionari wa Unguja, kwa watoto wa Uskoti, kwa muhuri wa posta wa Wajerumani, na mwisho kwa mama yangu mzazi, Kilosa, ambaye alijua tatizo liko wapi kabla sijamaliza kumweleza.

Nianze na muhuri. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, mji wetu ulikuwa katikati ya njia hiyo. Kwenye mihuri yao ya posta jina lake limeandikwa Kilossa, kwa s mbili. Nilipoliona mara ya kwanza nikadhani ni kosa la mchonga muhuri. Kumbe ni uangalifu. Kwa Kijerumani, s moja ikikaa katikati ya irabu mbili husomwa z. Karani wa Kijerumani akikuta Kilosa angesoma Kiloza. S ya pili iliwekwa ili kulinda sauti yetu kwenye macho yao. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 hawakuihitaji, ikadondoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikufundishwa shule. Tahajia haitoki mbinguni. Kila tahajia imetengenezwa na mtu fulani kwa ajili ya macho ya msomaji fulani, na msomaji mwingine akija na macho tofauti, huenda asione kilichokusudiwa.

Kiswahili kimevaa zaidi ya vazi moja. Kabla ya a, e, i, o, u kilikuwa na karne nyingi za herufi za Kiarabu. Nakala ya Utendi wa Tambuka, kwa mfano, hutajwa kuwa ya mwaka 1728. Babu yangu mzaa baba aliandika barua zake za Kiswahili kwa herufi hizo hadi alipofariki. Serikalini alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiwasomea majirani barua zao, lakini kwenye dodoso la sensa alikuwa sawa na asiyejua alifu kwa kijiti.

Herufi hizo zilikuwa na ugumu wake. Kiarabu kina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa mwandiko wa zamani, i na e zilishiriki alama moja, u na o zilishiriki nyingine. Kuku na koko yangeandikwa sawasawa. Herufi ya p haikuwepo, ikaazimwa b. Msomaji alitakiwa kulijua neno kwanza ndipo alisome. Kwa mtu mzima anayekijua Kiswahili hilo halikuwa shida kubwa, kwa sababu sentensi yenyewe ilimwambia kama ni ndege wa kufugwa au kiini cha tunda. Babu alisoma kwa kutafuta maana, kwa sababu bila maana asingeweza hata kutamka.

Kisha akaja Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili. Kanuni aliyoifuata ilikuwa tayari inatumiwa na wamisionari wa Kiingereza: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu kama za Kiitaliano. Ndiyo maana tuna ch na sh, mtindo wa Waingereza, lakini a yetu ni a tu, haibadiliki ikikaa hapa au pale. Krapf, Mjerumani aliyekaa Mombasa kabla yake, alikuwa anaandika kwa mtindo mwingine. Steere ndiye aliyeshinda, na tangu hapo mtoto wa Kiswahili amepata zawadi ambayo mtoto wa Kiingereza hana: ukizijua sauti, unaweza kutamka neno lolote, hata usilowahi kulisikia.

Zawadi hiyo imepimwa, ingawa si kwetu. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Dundee na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa Kifini walisoma kwa usahihi maneno 98 kati ya 100. Wagiriki, Wataliano na Wahispania nao walikuwa juu ya 90. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakijifunza Kiingereza walisoma 34. Si kwamba wana akili ndogo. Lugha yao inaandika though, through na enough kwa mkia uleule na kuutamka kwa njia tatu. Mwaka 1961 Waingereza walianza hata kujaribu alfabeti maalumu ya watoto, iliyobuniwa na James Pitman, yenye alama 44, ili kila sauti iwe na alama yake. Watoto waliielewa haraka, kisha wakatakiwa kuiacha na kuhamia tahajia ya kawaida. Jaribio likafifia.

Kwa hiyo mtoto wa Mikumi ana bahati ya mtoto wa Finland. Mpwa wangu alikuwa anatamka maneno 100 kati ya 100. Kwa nini basi ripoti za Uwezo, tangu zilipoanza kutoka mwaka 2010, zimekuwa zikituambia kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili kwa Kiswahili?

Kuna majibu tunayoyajua wote: madarasa yamejaa, kitabu kimoja watoto watano, mwalimu mmoja mia na zaidi. Sitaki kuyapunguza uzito. Lakini yote hayo hayaelezi kilichotokea kwenye basi. Mpwa wangu alikuwa na kitabu kifupi kabisa, yaani tiketi, na mwalimu mmoja peke yake, yaani mimi.

Tulilala Mikumi, na kesho yake tukachukua gari la Kilosa, kupitia Ulaya. Naam, tuna kata inaitwa Ulaya, na utani wa kwenda Ulaya bila pasipoti hauishi. Tulipofika, mtoto akamwamkia bibi yake, akapewa uji, na mimi nikamsimulia mama habari ya tiketi.

Mama hakucheka. Akaniuliza, "Ulimfundisha kuhesabu mabehewa, au magurudumu tu?"

Nikamwambia sijaelewa.

Inabidi nieleze mama alivyojifunza kusoma. Alizaliwa miaka ya mwanzo ya hamsini, hakupelekwa shule. Alipoolewa akawa anafanya kibarua kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Mwisho wa mwezi aliwekewa karatasi ya siku alizofanya kazi, anaweka dole gumba, anapewa pesa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka michache baadaye darasa likafunguliwa karibu na kambi yao, jioni, chini ya mwembe. Mama alijiunga kwa sababu moja tu, kuisoma ile karatasi. Alipoweza, mwezi wa kwanza alikuta siku mbili hazimo. Akazidai, akalipwa. Hadithi hiyo tumeisikia mara nyingi sana nyumbani, na kila mara siku mbili zinabaki mbili, haziongezeki. Ndiyo maana ninaiamini.

Darasa lile halikuanza na ba be bi bo bu. Kampeni za wakati ule zilitumia vitabu vilivyojengwa juu ya kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi. Mama anakumbuka mwalimu wao akiandika neno ubaoni, neno lenye kazi ndani yake, wakaliongelea kwanza, kisha ndipo likavunjwa vipande. Vipande vyake vilikuwa silabi, lakini pia vilikuwa kitu kingine. Walikuwa wanaulizwa: nani yumo humu ndani? Ni jana au kesho? Anafanya nini? Anamfanyia nani?

Mama aliishi maisha yake yote akiangalia treni, kwa hiyo akajipatia mfano wake. Neno la Kiswahili ni treni. Silabi ni magurudumu, yanapiga kelele, lakini abiria hawakai kwenye magurudumu.

Akachukua tiketi, akaiweka juu ya meza, akamwita mjukuu.

"Haya baba, hili refu. Behewa la kwanza nani amekaa?"

Mtoto akatazama. "A."

"A ni nani?"

"Yeye."

"Na hili, taka?"

Akanyamaza. Bibi akamwambia, "Leo anachelewa, jana alichelewa, kesho je?"

"Atachelewa. Bado hajachelewa!"

"Na ye?"

Hapo alisumbuka kidogo, hadi bibi alipomtajia mtoto anayelia, mama anayepika, abiria anayechelewa. Chelewa alikuwa anaijua siku zote. Ni neno analoambiwa kila asubuhi. Magurudumu saba, mabehewa manne: a, taka, ye, chelewa. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyeokota kitu, "Yule abiria ambaye atachelewa."

Nimesoma isimu chuoni. Nilifundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, nikafanya mtihani wa mofimu nikafaulu. Sikuwahi kufikiria kwamba somo lile lina uhusiano na mtoto anayekwama darasa la pili. Kiingereza kingeliandika wazo hilo la atakayechelewa kwa maneno manne mafupi yenye nafasi katikati, na kila nafasi humpa msomaji mdogo mahali pa kupumua. Sisi tunaliandika herufi 14 bila pengo. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika -wa, ile a- ya mwanzo imeshamtoka kichwani, na bila ile a- hakuna mtu ndani ya neno.

Haikuwa lazima iwe hivi. Lugha za Kibantu za kusini zinaonyesha njia mbili. Mswana anayesema anawapenda watu huandika ke a ba rata, vipande vinne. Mzulu husema jambo lilelile akaandika ngiyabathanda, kipande kimoja. Muundo wa lugha hizo mbili unafanana sana. Kilichotofautiana ni uamuzi wa walioziandika mwanzo. Clement Doke, mwanaisimu wa Johannesburg, alitetea kwa nguvu njia ya kuunganisha, akisema neno la Kibantu ni moja na linatamkwa kama moja. Kiswahili nacho kiko upande wa Wazulu. Sidhani ni kosa. Neno lililounganishwa likishazoeleka jicho hulimeza kwa mara moja, na kuandika a taka ye chelewa kungeukata ulimi wetu. Lakini uamuzi ule ulimwachia mwalimu kazi ya kumwonyesha mtoto viungo ambavyo karatasi haivionyeshi.

Tangu mtaala wa KKK wa mwaka 2015, madarasa ya chini yanasisitiza sauti za herufi, na ni jambo jema. Ndilo lililomfanya mpwa wangu asome malori. Ila sauti ni mlango tu. Mtoto wa Kiingereza hukwama mlangoni. Wa kwetu hupita haraka, tukapiga makofi, tusigundue kwamba amesimama ukumbini gizani.

Jioni ile nilimpa imla, nikaona jambo la pili. Aliandika lafiki badala ya rafiki, mutoto badala ya mtoto, samani nikimsomea thamani. Kalamu nyekundu ya shule ilikuwa imeshamfundisha kuona haya. Aliufunika mwandiko kwa mkono.

Lakini kila kosa lilikuwa na sababu. Kwetu r na l ni ndugu wanaobadilishana nguo. Tuna kata ya Rudewa, na mama huitamka Ludewa, kama ile wilaya ya Njombe. Tuna kata ya Lumuma. Richard Burton alipopita Usagara mwaka 1857 aliiandika Rumuma. Mto wetu Mkondoa yeye aliuandika Mukondokwa, kwa mu, vilevile anavyofanya mpwa wangu. Ile m inayosimama peke yake kama silabi haimo kwenye ma me mi mo mu aliyofundishwa, kwa hiyo anaiongezea irabu ili isimame. Na ukienda Mhenda utakutana na mh inayotamkwa kwa pumzi ya puani. Mgeni huisoma Muhenda, na wenyeji wanamjua hapohapo kuwa mgeni.

Kiswahili sanifu kilichaguliwa mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa, ambapo Kiunguja kilifanywa msingi, na kuanzia 1930 ikawepo Kamati ya Lugha, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, kusimamia tahajia na vitabu. Tunasema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli, kama unatamka kama Unguja. Anayetamka kama Kilosa anajifunza tahajia na, bila kuambiwa, anajifunza pia lafudhi ya watu wengine. Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliandika juu ya hili mwaka 2003 kwa kutazama makosa ya watoto wa Tanzania, na kichwa cha makala yao kinasema kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si kazi ndogo. Lafiki ni kosa la imla. Ila anayeiandika amesikiliza kwa makini na ameandika alichosikia, na huo ndio ustadi tuliotaka aupate. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba hapa kitabu kinasikia tofauti na nyumbani.

Najua aibu ile ya kufunika mwandiko. Kidato cha kwanza nilisimama mbele ya darasa nikasoma knife: ke-ni-fe. Nilikuwa nimetumia silaha ileile iliyonifikisha pale, kila herufi sauti yake, na kila sauti ilikuwa sahihi kwa Kiswahili. Darasa lilicheka, na mimi nikaamini kwa miaka miwili kwamba sina akili. Hakuna aliyeniambia kwamba nimehama kutoka tahajia moja kwenda nyingine, na kwamba kule sheria za njiani ni tofauti. Ndiyo sababu neno mzito lilinichoma dada aliponieleza.

Tulikaa Kilosa siku kumi. Kila jioni bibi na mjukuu walihesabu mabehewa: kwenye gazeti lililofungia sukari, kwenye risiti ya umeme, kwenye kalenda. Siku nyingine alichoka akakataa, akaenda kucheza mpira. Hakuna muujiza uliotokea. Alianza kusoma polepole kuliko kwenye basi, kwa sababu sasa alikuwa anasimama kutazama ndani, na mtu asiyejua angesema amerudi nyuma.

Siku ya tisa simu ya mama ikalia. Ilikuwa meseji ya dada kutoka Mikumi. Mama siku hizi macho yamepungua, akampa mtoto aisome. Nilikuwa namwona mabegani, kwa hiyo nilijua imeandikwa nini: Nitawatumia hela Ijumaa. Mwambie bibi asiuze kuku.

Mtoto alisogeza midomo bila sauti. Kisha akainua kichwa.

"Mama anasema atatutumia hela Ijumaa," akasema. "Na wewe bibi, usiuze kuku."

Hakusoma hata neno moja la kitenzi kama lilivyoandikwa. Nitawatumia alikuwa ameigeuza kuwa atatutumia, asiuze ikawa usiuze. Kwenye mtihani wa kusoma kwa sauti angepewa sifuri.

Januari dada aliipeleka habari hiyo shuleni, pamoja na daftari la siku kumi. Mwalimu alisikiliza. Mtoto yuko darasa la tatu. Rafiki bado anaiandika lafiki, na kuku hawakuuzwa.